Mti wa mapambo uani kwako Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mvua ya masika inapokaribia, simu ya kitaluni kwetu hulia tangu asubuhi. Maswali huwa yaleyale. Shida ni kwamba mengi hayaulizwi kabla ya kupanda. Huulizwa miezi minne baadaye, mche ukishakauka. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Tumerefusha pale ambapo miche mingi hufia, kwingineko tumepita haraka.

Nipande lini hasa?

Nairobi ina misimu miwili ya mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Yote miwili inafaa, lakini ukiniuliza mimi nitakwambia Aprili. Mche wa Aprili ukimaliza mvua huingia Juni na Julai, miezi ya baridi na mawingu, ambapo jua halichomi na udongo haukauki upesi. Mizizi hupata muda wa kutulia kabla ya ukavu wa Agosti na Septemba. Mche wa Novemba haupati nafasi hiyo: vuli ikiisha tu, jua kali la Januari na Februari limeshafika. Unaweza kuishi, ila itabidi uumwagilie bila kukosa.

Usiikimbilie mvua ya kwanza. Hapa hunyesha siku mbili, kisha jua likawaka wiki nzima. Ngoja mpaka ukichimba kidogo ukute udongo umeloa kwenda chini zaidi ya shibiri moja. Siku ya kupanda iwe ya mawingu, au panda jioni.

Mbona kila mara mnaniuliza ninakaa mtaa gani?

Kwa sababu ya udongo. Upande wa magharibi na kaskazini, yaani Karen, Lavington, Runda na kuelekea Kiambu, udongo ni mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Ukienda mashariki na kusini, Embakasi, Utawala, Ruai, South C, Syokimau hadi Kitengela, unakuta mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mafundi wa ujenzi huuita bleki kotoni. Huo ukinywa maji huvimba na kushikamana na kiatu mpaka unashindwa kuinua mguu. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mti uliopandwa kwa namna moja katika udongo huu na ule hautapata matokeo mamoja.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilimpandia dada yangu jakaranda kwake Utawala. Nilichimba shimo la futi tatu kwenda chini, nikalijaza udongo mwekundu tuliosafirisha kutoka Kikuyu, pamoja na samadi. Niliamini nimeutendea wema mkubwa. Mei ikanyesha karibu kila siku. Majani yakageuka manjano, tukadhani ni kiu, tukaongeza maji. Juni nilipoushika shina na kuuvuta, ulitoka wenyewe, kama mwiko unaochomolewa kwenye uji. Mizizi ilikuwa myeusi, gome lake likiteleza na kubambuka kati ya vidole, na harufu iliyotoka mle ndani ilikuwa ya mtaro uliozibwa. Shimo langu lilikuwa limegeuka sufuria: udongo laini katikati, mfinyanzi pande zote, na maji hayana pa kutokea. Wapwa zangu walikuwa wameupa mti ule jina. Sijasahau.

Basi kabla ya kununua mche, pima. Chimba kishimo cha futi moja na nusu, kijaze maji, yaache yaishe, ukijaze tena. Kama kesho yake saa kama hiyo bado kuna maji, udongo wako hauchuji, na mti wako utapandwa juu ya tuta, si ndani ya shimo. Maelezo yako hapo chini.

Ploti yangu ni futi 50 kwa 100. Nichague mti gani?

Futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30, na nyumba imeshachukua sehemu kubwa. Anza na nafasi iliyobaki, ndipo uje kwenye maua. Watu wengi hufanya kinyume: wanaona picha, wanapenda, wananunua.

Jakaranda kila mtu anaitaka, nami naelewa. Ulitoka Amerika ya Kusini ukawa kama mwenyeji. Kuanzia Septemba hadi Novemba barabara za mji huu hufunikwa zambarau. Lakini ni mti wa barabara na wa bustani kubwa. Hutanuka mita 10 na zaidi, mizizi yake ina nguvu, na maua yake hudondoka juu ya paa, ndani ya mifereji ya maji ya mvua na juu ya gari. Ukiwa na nusu eka, panda kwa furaha. Kwenye 50 kwa 100 nitakushauri uache.

Kifabakazi, ule wa maua mekundu kama moto ambao kwa Kiingereza umebeba jina la Wanandi, ni mti wa Afrika wenyewe. Ulikuwa miongoni mwa miti saba ambayo Wangari Maathai na wenzake walipanda Kamukunji tarehe 5 Juni 1977, siku ambayo kazi ya Green Belt Movement ilianzia. Hukua haraka, ila mbao zake ni laini na matawi huvunjika kwa upepo, kwa hiyo usiuweke karibu na paa wala mahali pa kuegesha gari.

Kwa ploti ya kawaida mimi hupendekeza muu kwanza. Ndio uleule Wajaluo wanaouita siala na Waluhya lusiola. Unapanda juu badala ya kutanuka, maua yake ni manjano ya kung'aa, na ni wa huku kwetu. Baada ya huo ni bauhinia, wenye majani yaliyogawanyika katikati kama kwato la ngamia na maua ya waridi au meupe yanayodhaniwa kuwa okidi. Ni mdogo wa kiasi na huchanua mapema. Murarachi ni chaguo la mwenye subira. Uko porini katika misitu yetu, Karura ikiwemo, na ukichanua waridi mti mzima hutamani kuingia ndani ya nyumba. Ila hukua polepole na mwishowe ni mkubwa, kwa hiyo upe kona pana.

Kwenye bleki kotoni, botolobrashi huvumilia maji yanayotuama kuliko mingi, na maua yake mekundu huwaita chozi, wale ndege wadogo wa mdomo mrefu. Mgunga wa gome la manjano, ule unaouona ukizunguka Ziwa Naivasha, nao unaupenda udongo mweusi. Ni mrembo kupita kiasi, lakini una miiba na huwa mkubwa, basi uwe mbali na wanapochezea watoto.

Mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mitini, usipande kwenye ploti. Mwaka 2020, ujenzi wa barabara ya juu ulipofika Waiyaki Way, mugumo mmoja wa pale Westlands ulinusurika kwa amri ya rais, na anayepita hapo ataona ukubwa ninaouzungumzia. Mizizi ya mti wa jamii hiyo huinua sakafu na kuingia mabombani. Hata ule mdogo wa majani ya kung'aa unaouzwa kwenye vyungu kwa ajili ya sebuleni ni wa ukoo huohuo. Ukiutoa chunguni na kuupanda ardhini hautabaki mdogo.

Uwe umbali gani kutoka kwa nyumba?

Mti mdogo, mita 3 au zaidi. Wa wastani, mita 5 hadi 6. Mkubwa, mita 8 hadi 10. Kutoka kwa ukuta wa fensi, mita 2 kwa uchache, la sivyo nusu ya mti itakuwa ya jirani. Tanki la maji machafu na bomba lake viwe mbali kadiri uwezavyo, kwa kuwa mizizi hufuata unyevu kupitia ufa mdogo sana. Halafu inua macho: kama juu kuna nyaya za stima, hama.

Kwa nini ninunue mche mdogo wakati kuna mkubwa wa mita mbili?

Mche wa mita mbili ulio kwenye mfuko mdogo umezeeka ndani ya mfuko. Juu unapendeza, chini, mizizi imekosa pa kwenda ikaanza kujizungusha. Mwaka jana mteja alituletea kifabakazi alichokinunua kando ya barabara, akitaka kujua kwa nini hakiongezeki. Tuliuchana mfuko kwa wembe. Mzizi mkuu ulikuwa umefika chini, ukakunja, ukapanda hadi nusu, ukashuka tena, mara tatu, mnene kama kidole gumba, na rangi ya karatasi ya plastiki ya mfuko ilikuwa imeganda juu ya gome. Mti kama huo hata ukiishi, mizizi huendelea kujikaba, na baada ya miaka upepo mmoja huulaza.

Mche wa sentimita 30 hadi 60, shina nene kama penseli, mizizi haijatokeza chini ya karatasi, hushika upesi na aghalabu huupita ule mrefu baada ya miaka michache. Uliza pia kama umeshazoea jua. Uliotolewa moja kwa moja chini ya neti ya kivuli utaungua majani ndani ya siku tatu. Na muuzaji akikwambia, "Mama, huu mwaka mmoja tu unafika juu ya nyumba," muulize baada ya kufika juu ya nyumba unakwenda wapi.

Shimo liwe na ukubwa gani?

Pana kuliko kina. Upana uwe mara mbili hadi tatu ya bonge la mizizi, na kina kiwe sawa na bonge lenyewe, basi. Ukichimba chini zaidi na kurudishia udongo laini, mti utadidimia mvua ikinyesha na shingo yake itazikwa. Shingo ni pale shina linapokutana na mizizi, panapotanuka kidogo. Lazima ionekane juu ya ardhi. Ukiniuliza kosa moja linaloua miti mingi kuliko mengine, ni hili la kuzika shingo: gome lililofukiwa huoza taratibu, na mti hufa mwaka wa pili au wa tatu, wakati hakuna tena anayekumbuka ulivyopandwa.

Unapochimba, udongo wa juu uweke upande wako wa kulia na wa chini kushoto, ili usivichanganye. Kwaruza kuta za shimo kwa sururu, hasa kwenye mfinyanzi, kwa sababu jembe huzilainisha zikawa kama chungu ambacho mizizi haitoboi. Mwagilia mche ukiwa bado mfukoni. Chana karatasi yote na uitoe kabisa. Wengine huiacha wakidhani itaoza, nayo haiozi. Mizizi inayozunguka ifumue kwa vidole, na iliyo migumu ikate kwa kisu safi. Simamisha mche, kisha laza mpini wa ufagio juu ya shimo kutoka ukingo hadi ukingo: shingo iwe sawa na mpini au juu yake kidogo. Rudisha udongo wa juu kwanza, shindilia kwa mikono kiasi, usiukanyagekanyage kwa buti. Malizia kwa kutengeneza ukingo wa mviringo kama sahani, nusu mita kutoka shinani, ili maji yasitoroke.

Kwenye bleki kotoni geuza mambo. Chimba kina kidogo tu, ili bonge likae sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, kisha jenga tuta pana kwa udongo uleule uliochimba, uliochanganywa na samadi iliyooza, likiteremka taratibu pande zote. Usijaze udongo mwekundu wa kuletwa ndani ya shimo; nimeshaeleza yaliyotukuta Utawala.

Niweke samadi kiasi gani? Na mbolea ya dukani?

Nusu debe hadi debe moja ya samadi iliyooza, ichanganywe na udongo wa juu. Iliyooza hainuki wala haina joto ukiishika. Ya kuku ambayo ni mbichi huunguza mizizi. Ya dukani ngoja hadi msimu wa pili, na udongo ukiwa mwekundu na wenye kina huenda usiihitaji kamwe.

Maji yetu ni ya mgao. Nitaumwagiliaje?

Hapa ndipo mti huishi au hufa. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu ya taifa ya kupanda miti, katika mpango wa serikali wa miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tuliuza miche tangu alfajiri. Nilifurahi kuona familia nzima zimekuja. Lakini kupanda ni kazi ya nusu saa. Kuutunza mche ni kazi ya kiangazi cha kwanza na cha pili, na hapo huwa hakuna sikukuu.

Mtungi wa lita 20, mara mbili kwa wiki, unatosha mche mmoja mvua ikikoma. Mimina polepole, yote kwa wakati mmoja. Kikombe kila jioni ni kibaya kuliko kukosa, kwa sababu huloweka juu tu na kuifundisha mizizi ibaki juu, ambapo jua la Februari litaikuta. Kwenye udongo mweusi punguza: ingiza kidole, ukikuta unyevu, acha. Miezi ya baridi, mara moja kwa wiki inatosha mara nyingi.

Kama bomba ni la siku mbili kwa wiki, tumia maji ya kusuuzia mboga na ya suuza ya mwisho ya nguo. Yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyatumie. Njia nyingine ni mtungi wa zamani uliotobolewa kitundu cha sindano chini, ukawekwa kando ya shina: maji huchuruzika kwa saa kadhaa nawe umeenda kazini.

Je, niufunge kwenye kijiti?

Ikiwa unasimama wenyewe, usiufunge. Shina hunenepa kwa kuyumbishwa na upepo. Ukilazimika, weka vijiti viwili, kimoja kila upande, nje ya bonge la mizizi, na ufunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwa kulegeza. Waya usiuguse mti. Baada ya mwaka ondoa vyote. Nimeona miti iliyokatwa shingo na kamba ambayo mwenyewe alishaisahau.

Naweza kuacha nyasi zifike hadi shinani?

Hapana. Nyasi humaliza maji kabla hayajafika chini. Na anayekuja kufyeka Jumamosi hawezi kupita karibu na shina bila kuligusa. Fyekeo likichuna gome kuzunguka mti mchanga, chakula kutoka majani hakishuki tena mizizini, na mti huo umekwisha hata kama majani bado ni mabichi. Acha duara la mita moja bila nyasi. Tandaza majani makavu au nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja. Chokaa nyeupe shinani, ile tunayoiona kando ya barabara, haiuongezei mti chochote.

Mchwa wanaunyemelea. Nifanyeje?

Mara nyingi mchwa huja kwa kilichokufa au kilicho dhaifu. Ondoa vijiti vikavu na mizizi ya zamani, sogeza matandazo mbali na shina, na hakikisha mti hauna kiu. Kila siku chache vunja kwa mkono vichuguu vya udongo vinavyopanda juu ya gome.

Uani kote ni kabro. Hakuna njia?

Ipo. Ng'oa kabro eneo la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Chini utakuta maramu iliyoshindiliwa kwa mashine; itoe yote mpaka ufikie udongo halisi, kisha jaza udongo wa juu. Chagua mti mdogo, bauhinia au botolobrashi. Ukitoa kabro nne tu, utakuwa umeufunga mti jela.

Nina watoto wadogo. Kuna miti ya kuogopa?

Ndiyo, na naomba hili lisomwe vizuri. Ule mti wa majani membamba na maua ya manjano kama tarumbeta ndogo, unaopandwa sana kama ua la fensi, mbegu zake zina sumu ya moyo. Olianda, wa maua ya waridi au meupe, una sumu kuanzia jani hadi shina. Tarumbeta kubwa zinazoning'inia, zenye harufu nzuri usiku, nazo ni sumu. Yote huuzwa bila onyo. Sisi hatuviuzi kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa, hata mteja akikasirika.

Majani yote yameanguka. Umekufa?

Huenda la. Jakaranda na baadhi ya mingine hupukutisha majani kiangazi. Kwaruza gome la kitawi kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, uko hai. Shuka chini ukijaribu tena na tena. Pakiwa kahawia na pakavu hadi chini kabisa, pole, andaa shimo jingine, lakini kwanza chunguza kilichouua.

Mimi ni mpangaji.

Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuchimba, na mkubaliane mti utabaki. Kama hataki, pipa lililokatwa nusu na kutobolewa chini linaweza kulea bauhinia miaka michache.

Naweza kupanda nje ya geti?

Pale ni eneo la barabara, si lako. Uliza kaunti kwanza, na ukumbuke kwamba mabomba na nyaya nyingi hupita hapohapo.

Nianze kupogoa lini?

Mwaka wa kwanza kata kilichokufa au kuvunjika tu. Matawi ya chini yaache, ndiyo yanayolinenepesha shina. Mwaka wa pili, ikiwa kuna vilele viwili vinavyoshindana, bakiza kimoja. Kilele chenyewe usikikate kamwe ili kufupisha mti. Ukikikata, mti utatoa fagio la vijiti dhaifu.

Utachanua lini?

Bauhinia unaweza kuchanua ndani ya miaka miwili au mitatu. Kifabakazi huchukua kama minne. Jakaranda iliyopandwa kwa mbegu mara nyingi hupita miaka saba, na murarachi nao huchelewa. Ukiona mti una afya, majani tele, na maua hakuna, usiuongezee mbolea ya kukuza majani. Angalia kama unapata jua la kutosha, hasa kama jirani amepandisha ghorofa upande wa mashariki tangu ulipoupanda.